Itoka Kando ya Choo

Nimefanya upumbavu mwingi maishani, lakini hadi mwaka huu sikuwa nimewahi kumpa jirani choo changu. Nilimpa mchana kweupe, kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa nimevaa gambuti na ile sweta yangu ya kushinda nyumbani, huku napiga mluzi. Sikujua kama natoa kitu. Nilidhani napanda ua.

Nilikuwa nimetoka kuliona shamba la cucu, nyanya yangu aliyenilea, kule chini tunakoita Mbeere, ukishapita Siakago. Siendi mara nyingi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka Embu mjini nahisi kama nimehamia nchi nyingine, na mke wangu husema nikifa nitaomba nizikwe sebuleni. Binamu zangu walikuwa wameita trekta ilime hadi ukingoni wapande muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Kando ya njia, kwenye rundo la mawe na visiki, nikaona vitunguu vikubwa vya mwituni vimetupwa, vingine vimekatwa katikati, maji yake meupe yanachuruzika. Moyo ulinilipuka. Yalikuwa matoka.

Itoka, rafiki yangu, si kitunguu cha kutia kwenye sufuria, usije ukajaribu. Ni ua la kwetu. Kiangazi chote hulala chini ya udongo kama halipo, majani yamekauka, yamepeperushwa, huoni kitu. Mvua ya kwanza ikishuka, linachomoza shina nene na juu yake maua meupe yenye mstari mwekundu katikati ya kila jani la ua, kama suruali ya pajama. Nikaokota moja lililokuwa zima, nikalifunga kwenye gunia, nikaja nalo kwangu. Nina kaploti kadogo nje ya mji, nyumba mbele, choo na banda la kuku nyuma karibu na seng'enge ya jirani. Udongo ulio laini kuliko wote uko kando ya choo, upande huu wa nyumba. Usiniulize ni kwa nini ni laini. Nikachimba, nikalipanda, shingo nje kidogo, nikanyunyiza maji.

Jirani yangu ni mama mzee, mjane, ambaye husema maneno machache na yote ni mazito. Asubuhi yake nilimkuta amesimama kwenye seng'enge, mikono nyuma.

"Kijana," akaniita. Nina mvi, lakini kwake mimi ni kijana. "Hilo itoka umelipanda wewe ama kuna mtu amekutuma?"

"Ni mimi mwenyewe, mama. Ni ua tu."

"Ua tu." Akalitazama itoka, akatazama choo, akatazama banda la kuku. "Haya. Asante."

"Asante ya nini, mama?"

"Si umenionyesha mpaka? Basi choo ni changu. Na kuku pia."

Akaenda zake. Hakucheka. Nilingoja acheke mpaka akaingia nyumbani na kufunga mlango. Ndipo woga ulipoanza kunipanda kutoka miguuni, ule woga niliodhani niliuacha Mbeere pamoja na meno yangu ya utoto. Maana huyu mama alikuwa amesoma nilichoandika bila kujua kuandika. Kwetu sisi, itoka halipandwi kuwa pambo. Itoka ndilo mpaka.

Kwa cucu, matoka yalishuka kwa mstari mmoja kutoka juu penye mwamba hadi bondeni, kati yetu na mzee wa ng'ambo. Yalipandwa na babu yangu na baba yake huyo mzee, siku walipokubaliana, mbele ya wazee waliochinja mbuzi na kutamka maneno. Maneno yenyewe sikuambiwa kamwe. Niliambiwa tu kwamba itoka likishawekwa, halichimbwi, halisogezwi, halichezewi. Kulikuwa na mtu mmoja, zamani, aliyesogeza itoka hatua chache ili apate mahali pa kulaza mbuzi. Nikauliza, je, alikufa? Cucu alichochea moto, akaongeza kuni. "Mimi sijasema alikufa," akasema. "Wewe tafuta tu mtoto wake hata mmoja, unionyeshe."

Sikutafuta. Tangu siku hiyo, nikivuka mpaka kufuata mbuzi, niliruka juu sana, kwa miguu yote miwili, hata kiangazi ambapo hapakuwa na jani la kukuonyesha ni wapi pa kuruka. Kwa hiyo niliruka mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Watoto wa ng'ambo walinicheka wakasema nimerithi miguu ya panzi.

Na cucu mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa kabisa. Jumapili aliimba kwaya kwa sauti iliyowashtua watoto wachanga. Shetani hakumtisha, alimtaja kama mtu anavyomtaja mpangaji mbaya. Lakini akipalilia kunde na jembe lake likikaribia mstari, aliliweka chini, akapiga magoti, akang'oa magugu kwa vidole, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Mimi aliniita "mume wangu" kwa sababu nilipewa jina la babu. "Mume gani huyu anaogopa kuku?" aliwauliza wageni, na wageni wakacheka, nami nikajificha nyuma ya mtungi nikinusa ule uji wa mawele uliokuwa ukichacha humo. Nikifumba macho sasa hivi, harufu ile inakuja kabla ya sura yake.

Maisha yetu yote, ukitaka nikueleze kwa ufupi, yalitegemea kipande cha bondeni. Juu kulikuwa na ndengu na mawele, ambayo mvua ikipenda huota na isipopenda hayaoti. Lakini bondeni udongo ulishika unyevu. Hata kiangazi kikali kunde za cucu zilibaki kijani, na jioni tulikula majani yake na githeri, mahindi na maharagwe, huku wengine wakila githeri peke yake. Watu walikuja kuomba kutoka mbali. Cucu aliwapa, lakini hakumwacha mtu achume mwenyewe.

Halafu ikaja ile habari kwamba watu wa kupima mashamba wamefika lokesheni yetu. Watapita kila boma, waweke bikoni, vile vigingi vya mpaka vya saruji, kila mtu apate namba yake. Walikuja kwetu kiangazi, wakati ardhi imepasuka na ndege wenyewe wamenyamaza. Tena mvua za miaka kadhaa zilikuwa haba, matoka yakichomoza mojamoja tu, na hakuna aliyekuwa ameuona mstari wote kwa muda mrefu. Mzee wa ng'ambo alisimama mbele ya wazee wa kamati na kofia yake mkononi. Alikuwa mrefu, na koti lake la kijeshi lilifika magotini. Hatukuwahi kumwona bila hilo koti wala bila panga. Akasema mpaka unatoka kwenye mwamba hadi kwenye mti wa mukau, kisha unashuka wima.

Ukishuka wima kutoka kwa mukau, rafiki yangu, bonde lote ni lake.

"Mpaka unapita penye matoka," cucu akasema. "Na matoka yanapinda, yanapita ng'ambo ya kunde zangu."

"Yako wapi hayo matoka? Nionyeshe."

"Yamelala."

"Basi yaamshe, mama."

Watu walicheka. Cucu hakucheka, na mzee pia hakucheka, jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Yule mkubwa wa wapimaji alikuwa kijana wa kutoka mbali, mwenye viatu visafi. Akasema jambo ni rahisi, leteni jembe tuchimbe tuone. Jembe likaletwa. Hakuna aliyelipokea. Akasema haya, nitachimba mwenyewe, akalishika, na wazee wote wa kamati, watu wazima wenye bakora, wakarudi nyuma kwa pamoja. Nami nikarudi nyuma nikakanyaga mbuzi. Kijana aliinua macho akaona zile nyuso. Sijui aliona nini. Alilaza jembe chini polepole, kama mtu aliyegundua kuwa ameshika mkia wa kitu.

Shauri likakatwa hivi: watangoja mvua. Matoka yakitokea, bikoni zitafuata matoka. Wapimaji wakirudi wakute hakuna kitu, watapima wima kutoka kwa mukau.

Sasa nikwambie siri yangu, na usimwambie mke wangu. Choo cha cucu kilikuwa mbali, nyuma ya vichaka, na giza likianza kuingia mimi sikwenda huko hata kwa kuchapwa. Nilikuwa na mahali pangu, karibu na mukau, chini kidogo. Msimu baada ya msimu. Siku ile baada ya mkutano nilipima kwa macho kutoka kwenye mwamba, nikafuata mpaka ulivyopinda kwa maneno ya cucu. Mahali pangu palikuwa juu ya mstari kabisa. Nilikuwa nimeyaunguza matoka ya ukoo kwa mkojo. Bonde litakwenda, kunde zitakwenda, tutakula githeri kavu hadi kufa, na sababu ni mume wa cucu anayeogopa kuku.

Nilikonda. Cucu alidhani ni minyoo, akaninywesha kitu kichungu. Nilitaka kubeba maji kwenye kibuyu nikayape matoka uhai kwa siri, lakini alinikuta mlangoni. "Wapi na hayo maji?" Nikasema ya mbuzi. Akaninyang'anya. "Ukimwagia pale, watasema tuliyapanda jana. Yaache. Yatakuja yenyewe ama hayatakuja." Na nilipomsikia akisema "ama hayatakuja", nikajua kwamba yeye pia ameshikwa na woga, na hilo lilinitisha kuliko kitu kingine chochote. Mtoto anaweza kuvumilia mengi mradi mkubwa wake haogopi.

Kila asubuhi mzee wa ng'ambo alitoka akasimama upande wake wa mstari, panga mkononi, anatazama ardhi tupu. Kila asubuhi cucu alitoa kigoda chake akakaa upande wetu, anapepeta ndengu ambazo zilikuwa zimepepetwa siku nyingi. Hawakusalimiana. Sisi tulijua anachongoja: cucu asinzie tu, achimbe. Nilipewa kazi ya kuangalia wakati cucu anapika. Nilikaa pale na debe la kufukuzia ndege, nimeagizwa nilipige mzee akiinama. Aliinama mara moja kufunga kamba ya kiatu. Nilipiga lile debe mpaka kuku wote wakapanda juu ya paa. Mzee alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake, ukweli nauona leo, hayakuwa ya hasira. Lakini mimi niliona panga tu.

Mawingu yalikuja yakasimama upande wa mlimani, meusi, yakanyesha kwa watu wa Embu wenye chai na mvua za kutosha, yakarudi. Wiki nyingine yakaja tena. Halafu alasiri moja upepo ulibadilika, mbuzi wakakimbilia nyumbani bila kuchungwa, na ile harufu ikafika, ile ya vumbi linalolowa, ambayo mtu wa kiangazi akiisikia hata akiwa mgonjwa huinuka kitandani. Ilinyesha kama iliyotumwa. Cucu alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi, midomo inacheza. Kama ni sala ama ni matusi, sikuuliza.

Kwanza zilitoka kumbikumbi, tukazikaanga. Kisha nyasi. Matoka hayakutoka. Tulipita pale tukitazama bila kutazama, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Cucu aliacha kula. Hadi asubuhi moja nilipoagizwa kuwapeleka mbuzi, nikafika mahali pa kuruka, nikaruka, na nikiwa bado hewani nikaona chini yangu kitu chekundu-kijani kama kidole gumba kinasukuma udongo.

Siku chache baadaye yalikuwa yamesimama yote. Matoka kutoka mwambani hadi chini, yanapinda penye mukau, yanazunguka kunde za cucu kwa ng'ambo kama alivyosema, meupe na mistari myekundu, na harufu yake tamu inakuja hadi jikoni. Na lile lililokuwa mahali pangu? Ndilo lilikuwa nene kuliko yote. Mpaka leo nikiona mbolea ya gunia natabasamu peke yangu.

Lakini matoka hayana upande. Bondeni yalisema kweli ya cucu, na kule juu yakasema kingine. Kule juu yalipita huku ndani kwetu, nyuma ya jiko, na ghala la cucu, lile ghala la fito lililojengwa baada ya babu kufa, lilikuwa limesimama upande wa mzee. Miaka yote hiyo tuliweka mawele yetu kwenye shamba la watu. Cucu alilitazama hilo. Nilijua anafikiria yule mtu asiye na mtoto hata mmoja.

Mzee alivuka. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akivuka, na alivuka kwa kuruka, mtu mzima mwenye koti, miguu yote miwili kama mimi.

"Mama," akasema, "ghala lako limenitembelea."

"Litarudi kwao leo," cucu akajibu. "Hatukujua."

"Najua hamkujua." Kisha akakaa juu ya jiwe kama aliyeishiwa nguvu. "Mimi nilidhani mmeyang'oa. Nilikuja kila asubuhi kuangalia kama udongo umechimbwa. Nilisema, hawa watu wakiyang'oa, na baba yangu ndiye aliyeyapanda na wao, haya mambo yatatupata sisi sote. Sijalala, mama. Muulize mke wangu."

Cucu alimtazama. "Na wewe uliogopa?"

"Sana."

Hapo ndipo cucu alipocheka, akacheka hadi akajishika mbavu, na alipomaliza alikuwa analia. Walilibomoa ghala pamoja siku hiyohiyo. Mzee ndiye aliyebeba fito nzito. Jioni alikula kwetu ndengu na majani ya kunde, koti likiwa limetundikwa mlangoni. Bila koti alikuwa mtu mwembamba tu. Kuhusu mukau kule juu na kwa nini alidai mpaka unashuka wima, alisema ndivyo alivyokumbuka. Cucu alisema sawa. Mimi bado sijui. Pengine alikumbuka vibaya kama cucu alivyokumbuka vibaya nyuma ya jiko. Pengine alijaribu bahati yake, halafu akajiogopa.

Wapimaji walirudi, wakaweka bikoni za saruji palepale penye matoka. Na hapo, bila mtu kugundua, matoka yakaachishwa kazi. Yalitoa maua kila mvua ikija, lakini hakuna aliyeyaangalia kwa moyo kudunda tena. Mzee alikufa, cucu akafuata. Mukau ulikatwa. Watu wakaweka seng'enge. Niliposimama kando ya lile rundo mwaka huu nilimuuliza binamu yangu, aliyekuwa juu ya trekta pamoja na dereva, kama hawakuogopa. Alizima simu yake kwanza. "Kuogopa nini, kaka? Kitunguu?"

Ningemwambia nini? Ana haki, bikoni ziko, sheria iko, hakuna wa kukosa usingizi. Mimi mwenyewe sitaki ule woga urudi; ulinikondesha na nikanyweshwa dawa chungu. Ila nimeshindwa kuelewa ni kwa nini nikiukumbuka nasikia harufu ya kunde, na nikikumbuka zile bikoni sisikii kitu.

Basi nikarudi kwangu na itoka langu, na yaliyofuata unayajua. Tangu mama jirani aseme "na kuku pia", sikuwa na raha. Nilikwenda chooni kama mgeni. Siku moja nilijikuta nimebisha hodi. Mke wangu aliniuliza kama naumwa, nikamweleza yote, akaniangalia kama anavyoangalia bei ya nyama. "Sasa ling'oe basi. Ulipande mbele ya nyumba. Jembe si hilo?"

Jembe lilikuwa hilo. Nililichukua, nikasimama kando ya choo, nikainua. Nikakumbuka wale wazee wenye bakora wakirudi nyuma wote pamoja. Nikarudisha jembe mahali pake. "Mume gani huyu," mke wangu akasema, na hakujua alikuwa anamnukuu nani.

Mvua zikaja. Kwa wiki kadhaa nilichungulia kupitia dirisha la jikoni nikitumaini limeoza, kisha nikiogopa kwamba limeoza. Jana asubuhi lilikuwa limefungua. Maua meupe, mistari myekundu, kichwa kimeinama kidogo kuelekea choo. Na mama jirani alikuwa kwenye seng'enge tayari, mikono nyuma. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nikatoka nikiwa na sweta yangu, nikamwamkia, nikaanza kumweleza kwamba, mama, kuhusu ile habari ya mpaka, mimi sikukusudia, na kama linakusumbua naweza nikaliondoa.

Hakunigeukia. Aliendelea kulitazama lile ua.

"Choo baki nacho, kinanuka," akasema. "Lakini siku utakayoling'oa hilo itoka, nitaanza kukuogopa."